Kinyago na Mchongaji: Safari ya Mhusika Miranda Sings

Imezoeleka kudhaniwa kwamba mhusika aliyependwa katika utanzu mmoja hana budi kupendwa vilevile akihamishiwa utanzu mwingine. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa historia fupi ya mhusika wa Kimarekani, Miranda Sings, aliyezaliwa katika intaneti na baadaye akatungiwa tamthilia ya vipindi.

Miranda alibuniwa mwaka 2008 na Colleen Ballinger, msanii aliyesomea uimbaji katika chuo kikuu kimoja cha California. Ni binti aliyejipaka rangi nyekundu hadi nje ya midomo, aimbaye vibaya huku akiamini kwamba hana mfano wake. Tashtiti hii iliwalenga waliojitangaza mtandaoni wakitumaini umaarufu pasipo kipawa. Hata hivyo, kazi haikukamilishwa na msanii peke yake. Watazamaji wengi wa mwanzo walimdhani mtu wa kweli, wakamwandikia matusi. Naye, bila ya kuuvua uhusika wake, akawajibu kwa majivuno. Aliyetukana hakujua kwamba amekwisha kuingia jukwaani.

Tarehe 14 Oktoba 2016 kampuni ya Netflix ilitoa vipindi vinane vya Haters Back Off. Hapa Miranda amepewa ukoo na makazi: anaishi katika mji wa Tacoma pamoja na mamake Bethany, dadake Emily, na mjomba wake Jim anayejitwika kazi ya kumtafutia umaarufu. Wahakiki waligawanyika. Vipindi vingine vinane vilitolewa Oktoba 2017, na tamthilia ikakomea hapo.

Kwa nini ikawavunja moyo wengi? Yamkini mtu atasema kwamba kichekesho cha dakika chache hakiwezi kunyooshwa kikafika nusu saa. Hoja hii haitoshi, kwani tangu mwaka 2009 Ballinger alikuwa akimwigiza Miranda majukwaani kwa maonyesho marefu, na watu wakacheka. Tofauti ni kwamba jukwaani hadhira ilikuwapo: aliweza kumwita mtazamaji na kumfunza uimbaji mbele ya wenzake. Katika tamthilia hapana wa kumjibu. Wanaomdharau ni wahusika waliotungwa, na mtazamaji amebaki shahidi tu. Wahenga walisema kinyago ulichochonga mwenyewe hakikutishi. Nasi twaweza kuongeza kwamba hakimuudhi hata jirani aliyemwona mchongaji akichonga.

Tena, ukoo ule ulidai sababu. Majivuno yaliyochekesha kwa kuwa hayakuwa na chanzo sasa yalielezwa kwa upweke na unyonge wa nyumbani. Mtazamaji aliyekuja kucheka akatakiwa ahurumie, na mara nyingi hakuweza lolote kati ya hayo mawili. Sungura wa ngano zetu hana utoto wala mama mgonjwa. Angepewa hivyo, hila zake zingegeuka maradhi ya kutibiwa.

Lakini tusihukumu kwamba cha mtandaoni hakihamishiki. Siku tano tu kabla, tarehe 9 Oktoba 2016, kituo cha HBO kilianza kuonyesha Insecure ya Issa Rae, iliyochota kutoka Awkward Black Girl, vipindi alivyovitoa mtandaoni kuanzia mwaka 2011. Tamthilia hiyo ilidumu misimu mitano, hadi 2021. Rae hakumhamisha mhusika wake mzimamzima. Alichukua haya na wasiwasi wake, akamtungia mtu mpya, kazi mpya na marafiki wapya. Alihamisha maono, akakiacha kinyago.

Funzo hili latuhusu sisi tunaoandika fasihi simulizi vitabuni. Tunapomnukuu fanani na kuiacha hadhira iliyomwitikia, tumehifadhi maneno na kupoteza nusu ya utungo. Hatuna budi kwanza kuuliza ni nani aliyekuwa akiitikia, kisha ndipo tushike kalamu.