Theluji ya Uingereza ya Mwaka 1947

Wengi kati yetu theluji tumeiona kwa mbali tu, juu ya kilele cha Kilimanjaro, nayo hutupendeza kwa weupe wake. Hiyo tunayotaka kuizungumza leo haikumpendeza mtu. Ilianza kuanguka kusini-mashariki ya Uingereza tarehe 22 Januari 1947, na tangu siku ile hata tarehe 17 Machi haikupita siku isiyokuwa na theluji mahali fulani katika nchi.

Theluji mpya ni nyepesi kama sufi, na kama ingalilala sawasawa juu ya ardhi, watu wangaliweza kupita. Lakini upepo mkali wa mashariki uliizoa mashambani ukaitupa barabarani. Barabara nyingi za huko hupita kati ya kuta za mawe, au miti iliyopandwa kuwa ua, na njia ya namna hiyo hujaa upesi kama mtaro. Mahali pengine chungu zake zilipita futi 15. Mchana watu walizibua njia kwa mabeleshi. Usiku upepo ukazijaza tena. Walitolewa askari wa Kiingereza, na askari wa Poland waliokuwa wamebaki huko baada ya vita, hata mateka wa Kijerumani ambao walikuwa bado kurudishwa kwao.

Katika vilima vya Staffordshire vijiji kadhaa vilikatwa kabisa. Tarehe 13 Februari eropleni ya jeshi, ya aina ya Halifax, ilipelekwa kuwaangushia watu chakula. Ilianguka karibu na kijiji cha Grindon, wakafa watu wote 8 waliokuwamo: wanajeshi 6 na wapiga picha 2 wa magazeti.

Zamani hizo nyumba za Uingereza zilipata joto kwa makaa ya mawe, na umeme nao ulitokana na makaa hayo hayo. Akiba ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Sasa hata makaa yaliyokwisha kuchimbwa yalikwama katika mabehewa yaliyofukiwa na theluji. Tarehe 7 Februari Waziri Emanuel Shinwell aliliarifu Bunge kwamba umeme utakatwa. Viwanda vingi vikafungwa, na waliokosa kazi wakazidi milioni 2. Majumbani umeme ulikatazwa tangu saa tatu asubuhi hata saa sita, tena tangu saa nane hata saa kumi alasiri. Makarani waliandika kwa mishumaa. Televisheni ya BBC ilinyamazishwa, na magazeti ya kila wiki yakazuiwa kwa muda wa wiki mbili.

Waziri alilaumiwa sana, naye kwa kweli hapo mbele alikuwa amekana kwamba shida itakuja. Hata hivyo twaona si haki kumtwika mzigo wote. Serikali ilikuwa imeitwaa migodi tarehe 1 Januari tu, na reli zilikuwa zimechakazwa na miaka sita ya vita. Hayo hayatengenezwi kwa majira moja.

Chakula kilikuwa haba tayari. Mkate, ambao haukugawiwa kwa kipimo hata wakati wa vita, ulikuwa ukigawiwa hivyo tangu Julai 1946. Sasa mboga ziliganda ardhini kama mawe, na wakulima wengine wakazichimbua kwa mashine za kuvunjia barabara. Baridi iliharibu tani 70,000 za viazi. Wachungaji waliitoboa theluji kwa fimbo ndefu wakitafuta kondoo wao. Yakadiriwa kwamba kondoo na wana-kondoo milioni 4 walikufa.

Kuyeyuka kulipoanza, yapata tarehe 10 Machi, ardhi ya chini ilikuwa ingali imeganda, isinywe maji. Mito ikafurika. Tarehe 16 Machi dhoruba ya upepo ilivunja kingo za mito katika nchi tambarare ya Fens, na baadhi ya mashamba yaliyo bora kabisa katika Uingereza yakawa bahari, wakati wa kupanda umekaribia.