Burke, Bengal na Kikomo cha Uhafidhina

Mhadhara wa kawaida juu ya uhafidhina humwanza Edmund Burke mwaka 1790, alipotoa kitabu chake cha kuyapinga Mapinduzi ya Ufaransa, na aghalabu humwachia hapohapo. Picha inayobaki ni ya mzee anayemlilia malkia huku akiwasahau wakulima wenye njaa. Thomas Paine aliichora picha hiyo mwaka 1791, na imedumu kwa sababu haikuwa uongo mtupu. Lakini ni nusu ya mtu. Kitabu kile kilitoka wakati Burke ana kesi nyingine mkononi: tangu Februari 1788 alikuwa mbele ya Baraza la Malodi, akiongoza wabunge waliomshtaki Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kampuni ya India Mashariki huko Bengal. Ninachodai ni kwamba uhafidhina wa Burke hausomeki kwa Paris peke yake. Kesi ya Hastings ndiyo inayotuonyesha alikuwa akihifadhi nini, na ndiyo inayotuonyesha pia fikra yake inaishia wapi.

Tutazame mashtaka mawili. Chait Singh, raja wa Benares, alikuwa na mapatano na Kampuni juu ya kodi aliyopaswa kulipa kila mwaka. Vita na Wafaransa vilipozuka mwaka 1778, Hastings alimdai fedha kupita kiwango cha mapatano, baadaye akadai na askari wa farasi. Mwaka 1781 alikwenda Benares mwenyewe akamtia raja chini ya ulinzi. Watu wakaasi, na raja akakosa kiti chake. Shtaka la pili liliwahusu mabegamu wa Awadh, mama na bibi wa nawabu, mtawala wa huko. Mwaka 1782 hazina yao ilitwaliwa ili nawabu apunguze deni lake kwa Kampuni, na matowashi wakuu waliowasimamia mali wakatiwa pingu mpaka fedha zikapatikana.

Hastings alijitetea kwamba Asia mtawala hutawala apendavyo, na kwamba yeye alirithi tu mamlaka ya aina hiyo. Jibu la Burke msomaji wa Zanzibar au Lamu atalitambua mara moja: sheria ya Kiislamu humfunga sultani kama inavyomfunga raia, nayo ina wanazuoni na makadhi wa kuifasiri, kwa hiyo anayedai kutawala kwa utashi wake hawezi kujificha nyuma ya Uislamu. Wala hakukubali kwamba dhuluma huwa halali mtu akishavuka bahari. Ujuzi huo wote aliupata kwenye vitabu na nyaraka, maana India hakuwahi kuikanyaga. Na tusimpambe kupita kiasi: hakutaka Waingereza waondoke, alitaka wawajibike.

Sasa tumrudishe Ufaransa. Novemba 1789 Bunge la Taifa lilitwaa mali ya Kanisa ili kukabili deni la serikali, kisha likatoa hati zilizodhaminiwa na ardhi hiyo, ambazo baadaye zikawa noti. Burke alitumia kurasa nyingi kwa jambo hili, nyingi kuliko wasomaji wanavyokumbuka. Deni, mali ya watu wengine, na dola isiyo na wa kuihoji: machoni pake Paris ilirudia kosa la Benares. Ndiyo maana siafiki kwamba alikuwa mtetezi wa mataji tu. Alichokiogopa ni mamlaka yasiyotoa hesabu, yawe ya umati au ya wafanyabiashara. Malodi walimwachia Hastings huru Aprili 1795. Mwaka uliofuata Burke, akiwa mgonjwa, alimwandikia rafiki yake kwamba juhudi zake katika kesi hiyo ndizo angependa zibaki kuwa kumbukumbu yake.

Kwa kipimo hicho, desturi ya kumweka Burke fungu moja na Joseph de Maistre inazua matatizo. De Maistre, mzaliwa wa Chambéry, alichapisha tafakuri zake juu ya Ufaransa mwaka 1797. Kwake Mapinduzi ni adhabu ya Mungu, na tiba ni mamlaka ya mwisho yasiyokatiwa rufaa. Mwaka 1819 aliyaweka mikononi mwa Papa. Swali la nani atamwita mwenye mamlaka hayo mahakamani, ambalo lilimla Burke miaka ya uhai wake, kwa De Maistre ndilo ugonjwa wenyewe. Michael Oakeshott yuko upande wa Burke, ingawa bila dini yake wala hasira yake. Alipoingia kwenye kiti cha uprofesa London mwaka 1951 alieleza kwamba kitabu cha mapishi ni muhtasari wa maarifa ya mtu anayejua tayari kupika, na siasa inayotungwa kutoka kwenye vitabu tu haina mpishi. Russell Kirk, aliyemtawaza Burke kuwa baba wa wahafidhina wa Marekani mwaka 1953, simgusi hapa. Alimtaka awe mtakatifu.

Ugumu uko kwingine. Burke aliamini kwamba taasisi iliyodumu muda mrefu imejipatia haki kwa kudumu kwake. Ni nani basi anayethibitisha umri wa taasisi? Baada ya uasi wa India wa 1857, Henry Maine, aliyeandika juu ya sheria za kale mwaka 1861, aliwapa watawala nadharia kwamba jamii za wenyeji zinashikwa na mila na hubomoka zikiguswa. Lugard, gavana wa kikoloni wa Uingereza, akaandika kitabu chake cha kutawala Afrika kupitia viongozi wa asili mwaka 1922. Donald Cameron akatoka Nigeria kuja Tanganyika kuwa gavana mwaka 1925, na mwaka uliofuata sheria ya mamlaka za wenyeji ikapitishwa. Maakida walioachwa na Wajerumani waliondolewa sehemu nyingi kwa kuwa si wa asili, na machifu wakatafutwa, hata mahali ambapo palikuwa na wazee na waganga wa mvua tu. Serikali ilihifadhi kilichokuwa kikiundwa mbele ya macho yake, na nadharia ya Burke haikuwa na chombo cha kuigundua hila hiyo, kwa sababu kipimo chake pekee ni muda, na muda wa mila huandikwa na anayeitawala.

Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria ya mwaka 1963. Rais wa nchi wakati huo alikuwa mtoto wa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki aliyewekwa madarakani na Wajerumani mwaka 1915.