Michoro ya walioshindwa nayo ni turathi

MASHINDANO ya usanifu majengo humalizika kwa kutangazwa mshindi, lakini huacha shehena ya karatasi ambayo ni wachache huiulizia tena. Humo mna masharti ya mashindano, maswali ya washiriki na majibu yake, michoro ya kila mmoja wao, vielelezo vya kadibodi, na ripoti ya majaji inayoeleza ni kwa nini huyu alituzwa na yule akakataliwa.

Mwongozo wa kimataifa wa mashindano haya ulipitishwa na UNESCO mwaka wa 1956 na kufanyiwa marekebisho mwaka wa 1978. Kwa mujibu wake, majaji hawapaswi kujua ni nani aliyechora nini hadi watakapotoa uamuzi, na kazi zote huonyeshwa umma baadaye. Kisha kuna kifungu ambacho kinafaa kusomwa mara mbili: maonyesho yakiisha, michoro ambayo haikupata tuzo wala kununuliwa huharibiwa, isipokuwa masharti ya mashindano yawe yameagiza vingine.

Bila shaka kifungu hicho humlinda msanifu asiibiwe wazo lake. Hata hivyo, huangamiza ushahidi wa mambo ambayo mji ungeweza kuwa nayo.

Hasara hiyo ni nzito zaidi katika miji kama Thika na Ruiru. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata 490,120. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, na palipokuwa na mikahawa sasa pamesimama nyumba za kupangisha. (Ni mibuni ninayokusudia, wala si hoteli.) Mahali ambapo majengo hubomolewa kabla ya rangi kuchujuka, jengo lenyewe si shahidi wa kutegemewa. Tuseme yafanyike mashindano ya kubuni soko. Mchoro ulioshika nafasi ya nne, uliobakisha miti na kuwatengea wauza mboga upande wenye kivuli, utamweleza mtafiti wa kesho mengi kuhusu fikra za wakati huu kuliko soko lililojengwa.

Sheria za Kenya zinasaidia, ila si kwa ukamilifu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inayatambua mashindano ya usanifu kuwa mojawapo ya njia za ununuzi, na inataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka sita baada ya kandarasi kukamilika, au baada ya shughuli kusitishwa iwapo hapakuwa na kandarasi. Miaka sita yamtosha mkaguzi wa hesabu. Mwanahistoria ndipo kwanza anaanza kuuliza maswali. Sheria ya Nyaraka za Kitaifa, Sura ya 19, inaruhusu kumbukumbu za umma zenye thamani ya kudumu kuhamishiwa hifadhi ya kitaifa jijini Nairobi, lakini mashindano ya kampuni au chama cha kibinafsi si kumbukumbu za umma.

Mabaraza ya miji yalipovunjwa mwaka wa 2013, shughuli zake mjini Thika na Ruiru zilirithiwa na Kaunti ya Kiambu. Katikati ya miji hiyo miwili, huko Juja, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho hufundisha usanifu majengo. Kaunti, chuo na waandaaji wa mashindano wakikubaliana, patahitajika sentensi moja tu katika masharti: kwamba nakala ya kila mchoro, pamoja na ripoti ya majaji, itakabidhiwa hifadhi iliyotajwa. Msanifu hapotezi chochote, kwani hakimiliki hubaki yake hadi miaka 50 baada ya kufariki.

Siku hizi michoro huletwa kwa kompyuta, na hapo pana mtego mwingine. Faili ya programu ya uchoraji yaweza kukataa kufunguka baada ya miaka michache, programu yenyewe ikishabadilika. Kwa hivyo inafaa kuhifadhi faili asilia, nakala ya PDF, na chapa moja ya karatasi iliyolazwa bapa bila kukunjwa, katika kabati la chuma lisilofikiwa na mchwa.