Sayari au doa? Tusikimbilie kusema 'imegunduliwa'

Msomaji wangu mmoja wa Matulo, Kaunti ya Bungoma, ameniuliza swali zito: mbona sayari ya mbali 'inagunduliwa' leo, kisha miaka michache baadaye tunaambiwa eti haipo? Kosa ni la wanasayansi au la lugha?

Hebu turudi nyuma. Neno 'sayari' lina asili ya Kiarabu, na shina lake lina maana ya kwenda. Mnamo 1612, Mjesuiti Christoph Scheiner alichapisha barua akidai kwamba madoa aliyoyaona kwenye Jua yalikuwa vitu vinavyolizunguka, mithili ya sayari. Galileo akamjibu mwaka 1613: madoa hubadilika umbo, huzuka na kutoweka, ni ya Jua lenyewe.

Miaka mia nne baadaye, mtego ni ule ule. Sayari za nyota nyingine hazionekani kwa urahisi; tunachopima ni mwanga wa nyota unaopungua, au nyota inayoyumba. Madoa ya nyota yanaweza kuiga yote mawili. Mnamo 2007 ilitangazwa sayari Gliese 581 d. Mwaka 2014, Paul Robertson na wenzake wakaonyesha kwamba ishara ile ilitokana na misukosuko ya nyota yenyewe ikijizungusha.

Basi sayari ya kweli hutambuliwaje? Doa hukua na kufifia. Sayari hushika saa. Mwaka 2009, kikundi cha David Charbonneau kiliona mwanga wa nyota GJ 1214 ukipungua kila baada ya saa 38 hivi. Kisha chombo kilichoko Chile kikapima nyota hiyo ikiyumba kwa kufuata saa hizo hizo. Njia mbili, jibu moja. Mwaka 2023, kwa pendekezo la Wakenya, nyota ikaitwa Orkaria na sayari Enaiposha, maneno ya Kimaa: udongo mwekundu wa kujipaka, na maji mengi.

Kwa hivyo, kosa kubwa ni la matumizi ya lugha. Wanahabari wetu humwita mtu 'mshukiwa' mpaka mahakama iamue. Mimi napendekeza tufanye vivyo hivyo angani: kwanza 'dalili', kisha 'sayari inayoshukiwa', na mwisho, ushahidi ukikamilika, 'sayari iliyothibitishwa'. Hapo tu ndipo tuseme 'imegunduliwa'.