Entebbe: Abiria, Raia na Askari katika Uwanja Mmoja

Neno uwanja lina mapana yake katika Kiswahili. Husemwa uwanja wa nyumba, uwanja wa michezo, uwanja wa ndege, na kadhalika uwanja wa vita. Mahali pa kusafiria na mahali pa kupigania hupewa jina moja, na mwenye kusikia hupambanua kwa neno lifuatalo tu. Hiyo ni kawaida ya msamiati, wala haina ajabu. Lakini katika Entebbe, kando ya ziwa Viktoria, mambo hayo mawili yalikutana si katika kamusi bali katika ardhi ile ile. Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya uwanja huo, ambao abiria na wanajeshi wameutumia pamoja, na kuuliza ni jambo gani hasa huleta madhara pale wawili hao wanapokutana.

Jina Entebbe latokana na neno la Kiganda entebe, yaani kiti. Waingereza walipaweka makao ya serikali yao, na yakabaki hapo hadi uhuru wa 1962. Uwanja wa ndege ulikua pamoja na makao hayo. Ulipanuliwa na kufunguliwa upya mwaka 1951, na Februari 1952 Elizabeth, aliyepokea habari za kifo cha baba yake akiwa Kenya, alipanda hapo ndege iliyomrejesha Uingereza akiwa malkia. Mei mwaka huo huo, ndege ya Comet ilipoanza safari za kwanza za abiria kwa injini za jeti, kutoka London hadi Johannesburg, Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Baadaye uwanja ulihudumia Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania, hadi shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977.

Kushirikiana kwa jeshi na abiria si jambo geni, wala si uovu kwa asili yake. Njia ya kurukia ni ghali. Mnara wa kuongozea ndege, kikosi cha zimamoto na ghala za mafuta ni ghali vile vile. Nchi yenye mali kidogo haiwezi kujenga kila kitu mara mbili. Nairobi nayo ilipitia hali hiyo: Eastleigh ilitumiwa na jeshi la anga la Uingereza pamoja na ndege za abiria, hata Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958 ndipo abiria wakahamia huko na Eastleigh ikabaki ya jeshi. Mkataba wa Chicago wa 1944, ulio msingi wa sheria ya usafiri wa anga, haukukataza ushirika wa viwanja. Ulitenga tu ndege za kiraia na ndege za dola, zikiwamo za kijeshi, forodha na polisi, ukazitaka dola zijali usalama wa ndege za kiraia zinapotunga kanuni za ndege zao.

Kutenganisha huko kwategemea sana maneno matatu. Abiria, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mwenye kuvuka au kupita. Hana dai juu ya mahali ila kupitishwa salama. Askari ni mwenye silaha na amri. Raia ndilo gumu zaidi, kwani lina maana mbili: mtu asiye askari, na mtu wa nchi fulani. Maana ya kwanza humkinga mtu popote alipo. Maana ya pili huuliza kwanza: wa nchi gani?

Katika Uganda ya Idi Amin maana ya pili iliimeza ya kwanza. Mwaka 1972 Waasia waliamriwa kuondoka katika muda wa siku 90, na maelfu yao walipita barabara ya kutoka Kampala kwenda Entebbe, wakisimamishwa na kupekuliwa vizuizini na wanajeshi kabla ya kuifikia ndege. Lugha ya vizuizi hivyo aghalabu ilikuwa Kiswahili, lugha ya jeshi tangu enzi ya King's African Rifles, alikolelewa Amin mwenyewe. Mwaka 1973 Amin alitoa amri kukifanya Kiswahili lugha ya taifa. Hapana shaka kwamba amri hiyo, ikitoka kinywa hicho, ilizidisha chuki ya watu wengi wa kusini dhidi ya lugha ambayo waliisikia zaidi kwa mwenye bunduki.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kuondoka Athens. Watekaji walikuwa wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ilipitia Benghazi, ikatua Entebbe siku iliyofuata. Abiria waliwekwa katika jengo kuukuu, lililokuwa limeachwa baada ya jengo jipya kujengwa, jirani na ndege za kivita. Askari wa Uganda waliokuwapo hawakuwalinda dhidi ya watekaji, walisaidia kuwazuia. Hapo ndipo abiria walipopambanuliwa kwa pasi zao: Waisraeli walihamishiwa chumba kingine pamoja na wengine wachache. Watu 148 waliachiliwa, na zaidi ya 100 wakabaki, wakiwamo wanaanga wa Ufaransa waliokataa kuwaacha abiria wao.

Usiku wa kuamkia 4 Julai ndege nne za kijeshi za Israeli zilitua katika njia ile ile ya abiria. Mateka 102 waliokolewa. Watatu walikufa katika mapigano, na Dora Bloch, mama wa miaka 74 aliyekuwa amelazwa Mulago, aliuawa baadaye. Watekaji wote, kamanda Yonatan Netanyahu na makumi ya askari wa Uganda waliuawa, na ndege za kivita za Uganda zikateketezwa. Kwa kuwa ndege za Israeli zilijaza mafuta Nairobi, kisasi kiliwaangukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Taarifa zinataja mamia ya waliouawa. Hawa hawakuwa abiria wala askari. Walikuwa raia kwa maana ya kwanza, wakauawa kwa ajili ya maana ya pili. Baraza la Usalama lilijadili shauri hilo mwezi huo huo bila kupitisha azimio lolote.

Aprili 1979 Entebbe ikawa uwanja wa vita tena, pale majeshi ya Tanzania yalipoiteka kutoka kwa askari wa Amin na Walibya waliotumwa kumsaidia. Siku chache baadaye Kampala ikaanguka. Safari hii Kiswahili kiliingia kwa mdomo wa askari waliopokewa kwa shangwe. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili.

Jeshi la anga la Uganda lingali na kambi Entebbe, na Umoja wa Mataifa umeutumia uwanja huo kupeleka walinzi wa amani na mahitaji yao Kongo. Mnara wa zamani bado umesimama na alama zake za risasi. Basi si sahihi kusema kwamba ushirika wa uwanja ndio uliosababisha maafa ya 1976. Ndege za aina mbili hutumia njia moja bila kugongana, madhali mnara mmoja huziongoza kwa kanuni moja. Kilichokosekana Entebbe ni mamlaka ya kiraia iliyoweza kumwambia askari kwamba aliye mbele yake ni abiria, na kwamba swali la nchi yake si lake kuliuliza.