Kuvuka bila Kukutana: Mlima Kumgang na Mpaka wa Korea Mbili

Mlima Kumgang uko pwani ya mashariki ya rasi ya Korea, upande wa Kaskazini, karibu sana na mstari uliowekwa Julai 1953 mapigano yaliposimamishwa. Kilele chake kirefu, Piro, kina mita 1,638 tu. Hakifiki hata theluthi ya Kilimanjaro. Sifa yake imo katika miamba: minara ya itale iliyochongwa na mvua na baridi, mabonde membamba yenye maji ya kijani, na majabali yanayoshuka hadi kuingia baharini. Wakorea husema una vilele 12,000, na wameupa jina tofauti kwa kila majira ya mwaka. Jeong Seon aliuchora mwaka 1734, mlima mzima kwa pamoja kana kwamba ameutazama kutoka angani, na picha hiyo leo ni hazina ya taifa huko Korea Kusini. Mwaka 1931 reli ya umeme kutoka Cheorwon ilikamilika hadi upande wa ndani wa mlima, na wasafiri wa Seoul wakawa wanakwenda huko kwa treni. Vita vikaimaliza reli hiyo. Kwa karibu nusu karne picha ya mlima ilibaki Kusini na mlima wenyewe ukabaki Kaskazini.

Kuanzia Novemba 1998 hadi Julai 2008, raia wa Kusini wapatao milioni 1.9 waliuzuru. Tangu vita hakuna jambo jingine lililowavusha raia wa kawaida wengi kiasi hicho. Wanaoandika kuhusu ziara hizo wamegawanyika. Wapo wanaoziona safari zile kama mbegu ya upatanisho iliyong'olewa kabla ya kuota, na wapo wanaoziona kama mfereji wa fedha za kigeni kwa utawala uliokuwa ukitengeneza silaha za nyuklia. Mimi naona kila upande umepita kando ya swali la msingi, ambalo ni jinsi ziara zenyewe zilivyopangwa. Zilipangwa ili watu wavuke bila kukutana. Mpango huo ndio uliozifanya ziwezekane, na ndio huohuo uliozifanya zife kwa risasi za askari mmoja.

Aliyezianzisha hakuwa mwanadiplomasia. Chung Ju-yung, mwasisi wa Hyundai, alizaliwa mwaka 1915 Tongchon, wilaya iliyo jirani na mlima huo na ambayo mgawanyo wa nchi uliiacha Kaskazini. Alitoroka nyumbani akiwa kijana, na mwenyewe alisimulia kwamba nauli yake ilitokana na fedha za ng'ombe aliyeuzwa na baba yake. Juni 1998, akiwa na umri wa miaka 82, alivuka mpaka wa Panmunjom kuingia Kaskazini na malori yaliyobeba ng'ombe 500. Oktoba akarudi na wengine 501. Wanahistoria wa uchumi huupita mkasa huu haraka kama mapambo ya magazeti. Nadhani wanakosea. Mzee huyu alikuwa na sababu ambayo waraka wowote wa sera usingeweza kuieleza: alitaka kurudi kwao. Bila shauku hiyo ni vigumu kueleza kwa nini kampuni ilikubali masharti ambayo mhasibu yeyote angeyakataa, yaani kuilipa Kaskazini dola milioni 942 katika miaka sita, wateja waje wasije. Rais wa Korea Kusini Kim Dae-jung, aliyeingia madarakani Februari 1998 na sera yake ya Mwanga wa Jua ya kujenga ukaribu na Kaskazini, aliruhusu biashara itangulie mbele ya serikali. Tarehe 18 Novemba mwaka huo meli ya kwanza iling'oa nanga katika bandari ya Donghae.

Hesabu hazikukaa sawa. Kufikia 2001 malipo yalibidi yabadilishwe yafuate idadi ya wageni, na baadaye serikali ya Kusini ikaanza kutoa ruzuku. Mwaka 2003 uchunguzi maalumu ulibaini kwamba dola milioni 450 zilikuwa zimepelekwa Kaskazini kwa siri kabla ya mkutano wa viongozi wa Korea mbili wa mwaka 2000, na Chung Mong-hun, mwana aliyerithi mradi huu, alijiua Agosti 2003 wakati kesi hiyo ikiendelea. Wanaolalamikia fedha wana haki ya kulalamika. Lakini fedha zinaeleza kwa nini mradi uliyumba. Hazielezi kwa nini ulisimama, maana uliposimama ulikuwa umeshapata nafuu na wageni walikuwa wakiongezeka.

Tutazame basi ziara yenyewe. Miaka ya mwanzo mgeni alilala melini. Alishuka asubuhi, akapanda basi, jioni akarudi baharini. Simu ya mkononi aliiacha Kusini. Kamera iliruhusiwa ila lenzi ndefu ilikatazwa. Shingoni alining'iniza kitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki, chenye picha na maelezo yake, na alionywa asikiloweshe wala kukikunja, kwani kukiharibu kulitozwa faini ya dola. Kupiga picha ukiwa ndani ya basi kulikatazwa. Kupiga picha askari au kijiji kulikatazwa zaidi. Barabara ilizungushiwa uzio wa kijani pande zote mbili, na nyuma ya uzio, kila baada ya masafa fulani, alisimama kijana mwenye sare, wima, akitazama mabasi yanavyopita. Ng'ambo yake wakulima walikuwa mashambani. Abiria waliwaona, nao waliwaona abiria.

Njia za mlimani zilikuwa na uhuru zaidi kidogo. Katika bonde la Kuryong mgeni alipanda ngazi za chuma na madaraja ya kamba hadi kwenye maporomoko ya maji ya mita 74, na mwenye pumzi aliendelea hadi juu ya Sangpaldam, ambako mabwawa manane yamefuatana ndani ya jabali, kila moja likimwagia lililo chini yake. Kwenye majabali ya njiani palikuwa na maandishi makubwa mekundu ya kuwasifu viongozi wa Kaskazini, yaliyochimbwa kwenye itale kwa kina ambacho mvua ya karne nyingi haitakifuta. Palepale walisimama waongoza wageni wa Kaskazini, wavulana kwa wasichana. Waliwaeleza wageni hadithi za malaika walioshuka kuoga, wakawauliza wametoka mji gani, wakawatazama viatu vyao. Mazungumzo yalikuwa mafupi na kila upande ulichunga ulimi wake. Bondeni, hotelini na migahawani, wahudumu wengi walikuwa Wakorea wenye uraia wa China walioletwa kwa kazi hiyo. Yaani Mkorea wa Kusini alivuka mpaka mgumu kuliko yote duniani, akafika katika ardhi ya Kaskazini, akapakuliwa chakula na mtu aliyetoka nchi ya tatu.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na kauli inayorudiwa mara kwa mara kwamba mpaka ulifunguliwa. Mpaka ulirefushwa. Ulitolewa kwenye ukanda wake wa kilomita 4, ukapitishwa kando ya barabara, ukapandishwa mlimani, na mwisho ukavalishwa kila mgeni shingoni.

Hatari ya mpango huu ilionekana mapema. Juni 1999 mgeni mmoja wa Kusini alizungumza na mwongozaji wa Kaskazini kuhusu maisha ya waliotorokea Kusini. Alizuiliwa siku kadhaa kwa madai ya kuwashawishi watu watoroke, na safari zikasimama kwa zaidi ya mwezi. Zilipoanza tena, kanuni zilikuwa zimeongezwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba tatizo lilizuka pale tu watu wawili walipoongea, na dawa iliyopatikana ikawa ni kuwatenganisha zaidi.

Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba kazi ile ilikuwa bure. Ghuba ya Jangjon, ambako meli za watalii zilitia nanga, ilikuwa kituo cha jeshi la majini la Kaskazini. Wenye bandari walilazimika kusogeza vyombo vyao. Mwaka 2002 majeshi ya pande zote mbili yaliingia kwenye ukanda yaliokuwa yakiulinda dhidi ya mwenzake na kutegua mabomu ya ardhini ili barabara ipite, na mwaka uliofuata mabasi yakaanza kuchukua nafasi ya meli. Mei 2007 treni ya majaribio ilivuka kutoka kituo cha Kumgang hadi Jejin, upande wa Kusini. Hekalu la Singye, lililobaki vifusi tangu vita, lilijengwa upya na Wabudha wa pande zote mbili kwa pamoja. Zaidi ya yote, palepale chini ya mlima ndipo zilipokuja kufanyika karibu ziara zote za ndugu waliotenganishwa na vita. Maveterani wa diplomasia walikuwa wamekaa mezani miongo mingi wakipata kidogo sana kati ya vitu hivi.

Sasa tuje kwenye kifo cha ziara hizo. Januari 2004 serikali mbili zilitia saini makubaliano kuhusu kuingia na kukaa katika eneo la Kumgang na eneo la viwanda la Kaesong, nalo likiwa Kaskazini. Yaliahidi usalama wa mgeni, na yalitaja hatua za kuchukuliwa akivunja sheria: kuonywa, kutozwa faini au kufukuzwa. Yalitaja pia kamati ya pamoja ya kuyasimamia. Kamati hiyo haikuundwa. Alfajiri ya tarehe 11 Julai 2008 mwanamke wa miaka 53, aliyekuwa akitembea ufukweni karibu na hoteli, alipita mwisho wa uzio akaingia eneo la kijeshi, na askari akampiga risasi akafa. Kaskazini ilisema aliamriwa asimame akakimbia. Kusini ikaomba uchunguzi wa pamoja mahali pa tukio, Kaskazini ikakataa. Kesho yake safari zilisimamishwa, na hadi leo hazijarejea.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema risasi ile ilifichua tu tabia ya utawala wa Kaskazini, kwamba hakuna chombo ambacho kingeuzuia. Kaesong inatoa jibu. Eneo lile la viwanda lilianza mwaka 2004 chini ya makubaliano yaleyale, na lilifikia kuajiri Wakaskazini zaidi ya 50,000 chini ya mameneja wa Kusini, wakifanya kazi jengo moja kila siku. Huko nako kulikuwa na mikasa. Mwaka 2009 mfanyakazi wa Kusini alizuiliwa kwa zaidi ya miezi minne. Mwaka 2013 eneo zima lilifungwa kwa miezi kadhaa. Lakini kulikuwa na ofisi ya uendeshaji na watu waliojuana kwa majina na waliopaswa kuonana kesho yake, na eneo likafunguliwa tena, safari hii likiwa na kamati ya pamoja. Liliishi hadi Februari 2016, na aliyelifunga ni Kusini. Utawala ni uleule, makubaliano ni yaleyale. Kilichotofautiana ni kwamba Kaesong watu walilazimika kukutana na Kumgang walizuiwa kukutana.

Ushahidi wa mwisho ni wa mwaka 2009. Mwenyekiti wa Hyundai, Hyun Jung-eun, alionana na kiongozi wa Kaskazini, Kim Jong Il, na akarudi na ahadi ya mdomo kwamba tukio kama lile halitatokea tena. Serikali ya Kusini ikasema inataka uchunguzi, hatua za kuzuia, na dhamana rasmi ya serikali kwa serikali. Mazungumzo ya Februari 2010 yakavunjika juu ya hilo. Wengi wameilaumu Seoul kwa ukaidi. Mimi naona ilidai kitu sahihi, ila ilichelewa miaka kumi na miwili kukidai. Kilichotakiwa kuwa sharti la meli ya kwanza kikaletwa baada ya maiti.

Yaliyofuata yalikuja moja baada ya jingine. Kaskazini ilizuia mali za Kusini mwaka 2010, na mwaka 2011 ikaifutia Hyundai haki yake ya pekee ya kuendesha ziara. Vikwazo vya Baraza la Usalama vya mwaka 2017 vilipiga marufuku ubia na Kaskazini. Oktoba 2019 kiongozi wa Kaskazini, Kim Jong Un, aliyakagua majengo ya Kusini na kuamuru yaondolewe. Hoteli inayoelea ya Haegumgang, iliyoanza maisha mwaka 1988 kwenye matumbawe ya Australia na kupitia Saigon kabla ya kufika hapa, ilibomolewa mwaka 2022. Mwanzoni mwa 2025 likabomolewa jengo la kukutania ndugu. Julai mwaka huohuo UNESCO iliuingiza mlima kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na ulistahili siku nyingi. Lakini urithi wa dunia ambao wengi wa watu wa lugha yake hawawezi kuuona ni jambo la kuwahuzunisha wote wenye kujali urithi.

Kila serikali mpya inapoingia Seoul, wazo la kuzifufua ziara za Kumgang hurudi. Ningewaomba wanaolipigania wabadilishe mpangilio wake: kamati ya pamoja iwepo kabla ya basi la kwanza kuondoka, ikiwa na ofisi palepale chini ya mlima na maofisa wa pande zote mbili, wahudumu wawe watu wa Kaskazini wenyewe, na wa kwanza kuvuka wawe wazee, wakaonane na ndugu zao. Zaidi ya watu 130,000 wamejiandikisha Korea Kusini kutafuta jamaa zao wa Kaskazini. Zaidi ya theluthi mbili yao wameshafariki, na ziara ya mwisho ya kuwakutanisha ilifanyika Agosti 2018.