Droni ya kwanza: nunua mkeka kabla ya filta

Mpwa wangu wa Mtwapa alinijia Jumapili baada ya alasiri, kiboksi kwapani, uso umejaa furaha. Alikuwa amenunua droni ya mkononi, DJI Mini 2, kwa mkopo alioombewa na mamake kwenye chama. Anataka kupiga picha za harusi na za ploti zinazouzwa huku Kilifi na Kwale. "Mjomba," akaniambia, "nimebakisha elfu kumi na tano. Ninunue nini cha kuongezea?" Kisha akanitolea orodha aliyoandikiwa dukani: vikingio vya propela, filta sita, taa za kumetameta, miguu mirefu ya kutulia, kikuza mawimbi cha rimoti na begi kubwa la mgongoni.

Orodha hiyo naijua. Nami niliuziwa karibu yote miaka kadhaa iliyopita, na droni yangu ya kwanza haikumaliza miezi mitatu. Ilifia Takaungu, kwenye harusi. Niliirusha kutoka mchangani kwa sababu ndipo bwana harusi na bi harusi walipokuwa wamesimama, nikaitua hapo hapo, nikairusha tena. Mara ya nne kamera ilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye kile kiungo kidogo kinachoishikilia kamera isitikisike. Picha zote za jioni ile ziliharibika, na nikarudisha malipo ya awali ya watu nikiwa nimeinamisha kichwa. Begini mlikuwa na filta sita na taa mbili. Cha kuzuia mchanga sikuwa nacho.

Basi yafuatayo ndiyo niliyomwambia kijana, na nayaandika kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza.

Anza na mahali pa kurukia. Propela za droni husukuma hewa chini kwa nguvu, na hewa hiyo ikipiga mchanga huurudisha juu moja kwa moja kwenye mota na kamera. Mota zenyewe zina sumaku ndani. Mchanga wa pwani yetu si mweupe wote. Ukienda Mambrui, karibu na Sabaki unapoingia baharini, utaona chembe nyeusi nzito zenye madini ya chuma. Chembe hizo sumaku huzivuta na kuzishika, na ukiizungusha mota kwa kidole utazisikia zikikwaruza. Kuna mikeka maalumu ya droni, ya duara, inayokunjwa na kuja na vigingi vya kuchomeka ardhini. Chukua yenye upana wa sentimita 75 kama unaweza, ile ndogo ni finyu kwa mtu anayejifunza. Ukikosa, zulia la mpira la gari linafaa, au kipande cha plaiwudi. Mkeka wetu wa ukindu usiuguse. Ni mwepesi, upepo wa propela huinua ukingo wake, na ukingo ukishikwa na propela umepoteza vyote viwili. Na hata ukiwa na mkeka, usiiache droni ielee karibu na ardhi huku ukitafuta kitufe cha kurekodi. Ipandishe haraka ipite urefu wa mtu, ndipo ufikirie picha.

La pili ni betri. Mini 2 inatajwa kuwa na dakika 31 angani, lakini hesabu hiyo ni ya hewa tulivu. Kwenye upepo wa ufuoni, na ukiwa na adabu ya kuanza kurudi betri ikiwa na asilimia 30, mimi hupata dakika ishirini hivi. Harusi haipigwi kwa dakika ishirini. Kwa hiyo betri ya pili ni lazima, ya tatu ni nzuri, na ile chaja inayoshika betri tatu kwa pamoja ina faida ingawa huzijaza moja baada ya nyingine, si zote kwa mara moja. Nunua betri za kampuni iliyotengeneza droni. Betri ya bei rahisi ya jina lisilojulikana inaweza kuzima droni ikiwa juu ya maji, na hapo hakuna wa kumlalamikia.

Kwa kuwa yake ni ya mkononi, nilimfungulia programu ya DJI Fly nikamwonyesha sehemu inayotaja betri imeshachajiwa mara ngapi. Moja ilikuwa na chache, nyingine ilikuwa mzee tayari. Mambo hayo hutazamwa kabla ya kulipa. Pia hakikisha aliyekuuzia ameiondoa droni kwenye akaunti yake, la sivyo itakuwa mkononi mwako lakini bado ni ya mwingine.

Joto letu linaua betri kuliko kazi. Kikomo cha kuchaji ni nyuzi 40 za Selsiasi, na gari lililofungwa madirisha pale Bamburi saa saba mchana hupita hapo bila shida. Usiziache garini. Ukishatua, ngoja ipoe kabla ya kuchaji. Mara nyingi betri yenyewe hukataa mpaka ipoe, na watu hudhani chaja imeharibika. Kama hutairusha kwa wiki kadhaa, ziweke zikiwa zimejaa nusu hivi, si pomoni na si tupu. Na ukipanda ndege kwenda Nairobi, betri za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, hazitiwi kwenye mzigo wa chini. Sheria za ndege huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba idhini, na ya Mini 2 ni kama 17 tu, kwa hivyo usiwe na hofu, lakini funika vituo vyake vya umeme. Hili mwambie pia ndugu anayekuletea vitu kutoka Dubai au Maskati.

Tatu, propela za akiba. Ni kitu rahisi kuliko vyote na ndicho kitakachokuokoa siku ya kazi. Propela iliyopasuka kidogo ukingoni bado inaruka, ila hutikisa picha na kuchosha mota. Pitisha kucha ukingoni kila kabla ya kuruka. Za Mini 2 hufungwa kwa skrubu ndogo, na zina alama zinazoonyesha ipi inakaa mkono gani. Ukizikosea droni haipandi, hupinduka. Weka bisibisi yake ndani ya kiboksi cha propela, kwa sababu ikipotea hakuna bisibisi ya nyumbani inayoingia.

Vikingio vya propela ndivyo vilivyokuwa juu kabisa kwenye orodha ya dukani. Ndani ya ukumbi vina maana. Nje, huku kwetu, ni tanga. Mini 2 imeundwa kuhimili upepo hadi mita 10.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 38 kwa saa hivi. Kusi ya Juni hadi Agosti hukaribia hapo siku nyingi, na juu ya minazi huvuma kuliko unavyousikia ukiwa chini. Ukiifunga droni ya gramu 249 vikingio, umeiongezea uzito na umempa upepo pa kushika. Mara ya kwanza niliyovitumia Nyali, droni ilikuwa ikielekea baharini huku mimi nairudisha kwa nguvu zote, inasogea kama kaa. Afadhali ujifunze uwanjani asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na uwe na mazoea ya kwenda dhidi ya upepo kwanza ili wakati wa kurudi ukusukume nyumbani.

Miguu mirefu na kikuza mawimbi vyote nilivipiga mstari. Taa nazo zingoje.

Kuhusu usafi sina haja ya kusema mengi, ila usiruke hatua hii. Nunua brashi laini ya rangi, kile kipira cha mpira cha kupulizia vumbi, na kitambaa cha kufutia miwani. Usipulize kwa mdomo, utatia mate kwenye lenzi. Kila ukirusha baharini droni hurudi na chumvi hata kama haikugusa maji, kwa sababu hewa ya mawimbi ina chumvi. Ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kikavu. Halafu ihifadhi ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, lile la kuwekea mahamri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mke wangu aliniambia kopo lake silirudishi jikoni tena, na ni kweli. Kopo hilo limenifanyia kazi kuliko begi la bei ghali, ambalo sponji yake hunyonya unyevu na kuukalia.

Kadi ya kumbukumbu wengi huichukulia kama kitu cha mwisho, na ndipo video inapokatika katikati. Tafuta iliyoandikwa V30 au U3. Mini 2 ikirekodi kwa ubora wake wa juu huandika hadi megabiti 100 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 750 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 inakupa zaidi ya saa moja. Nunua mbili za 64 badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika usirudi mikono mitupu. Kadi bandia zimejaa. Imeandikwa 128, ndani ina 16, na haikwambii chochote mpaka siku ya siku. Kuna programu ya bure ya kompyuta iitwayo H2testw inayoijaza kadi na kuisoma tena kuona kama haidanganyi. Ifanye siku ile ile uliyonunua, dukani wakikukumbuka bado.

Sasa filta. Sisemi hazina kazi. Kamera ya Mini 2 haina njia ya kupunguza tundu la kupitishia mwanga, limekaa f/2.8 daima. Kwenye jua la mchana la pwani, ISO ikiwa 100, kamera italazimika kufungua na kufunga kwa 1/3200 ya sekunde hivi, na video ya kasi hiyo huonekana ya kurukaruka, mawimbi kama yanakatwa kwa mkasi. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde unataka kasi iwe karibu na 1/50. Ukihesabu, filta ya ND16 inakufikisha 1/200, ND32 inakufikisha 1/100, na ND64 ndiyo inayokupeleka 1/50. Kwa hiyo ukinunua, nunua ND64 ya mchana na ND16 ya jua la saa kumi na moja jioni, basi. Zile nne nyingine zitabaki kiboksini kama zangu. Filta ya kuondoa mng'ao wa maji ni tamu kwa picha za miamba wakati wa maji kupwa, lakini ukiigeuza droni tu mng'ao unarudi, na huwezi kupanda juu kuizungusha. Lakini hizi zote zisubiri. Mtu ambaye bado anabahatisha kutua hana haja ya kuhesabu kasi ya kamera.

Kijana alikuwa na hamu ya kurusha kutoka kwenye mashua. Nilimwambia asijaribu mwaka huu. Droni hukumbuka mahali ilipoondokea, na ukiiamuru irudi itarudi hapo, sio ulipo wewe. Mashua imeshasogea, na pale palipobaki ni maji. Unaweza kubadilisha mahali pa kurudia kwenye programu, lakini hilo linataka mtu mtulivu. Tena vihisi vya chini ya droni huchanganyikiwa juu ya maji yanayotembea, kwa hivyo usiiteremshe karibu na mawimbi ukidhani itajizuia yenyewe.

Kisha nikamuuliza swali ambalo dukani hawakumuuliza: makaratasi je? Droni nchini iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kwa kanuni za mwaka 2020. Inasajiliwa, na ikibadilisha mwenyewe KCAA waarifiwe. Ukiingiza kutoka nje bila kibali chao hushikiliwa forodhani, ndugu yako wa Dubai akabaki anakupigia simu kutoka uwanjani. Ile hadithi ya gramu 250 watu wameitoa Marekani, kwa wanaorusha kwa kujifurahisha kule, hapa isikudanganye. Kikomo cha juu ni futi 400, kama mita 120. Uwanja wa Moi, wa Ukunda, wa Malindi na wa Manda yote ina maeneo yake ya marufuku, bandari na kambi za wanajeshi pia, na kwenye hifadhi za bahari kama Watamu utahitaji idhini ya KWS. Na kama ni kazi ya kulipwa, anayerusha awe na leseni na kampuni iwe na cheti. Mimi mwenyewe hurusha chini ya cheti cha kampuni ya wengine, kwa sababu gharama ya kupata changu bado sijaimudu. Mpwa wangu alinyamaza kidogo hapo. Alikuwa amemwahidi mtu wa Kikambala harusi ya mwezi ujao.

Tulikaa tukapiga hesabu upya. Betri moja halisi ndiyo iliyokula pesa nyingi. Ikafuata mkeka, jozi mbili za propela, kadi mbili, brashi na kipira. Kopo alipewa na shangazi yake. Filta, begi na vile vingine vilibaki dukani, na kilichosalia akakiweka kando kwa ajili ya usajili. Yule mtu wa Kikambala alimpigia siku ya pili yake, akamwambia harusi ataipiga kwa kamera ya mkononi, na picha za juu zitangoja.